Chachu ya Bwana Mtindi

Watu walimwita Bwana Mtindi, naye jina hilo alilivaa kama kilemba, asijue ni cha ukoka. Katika kiwanda chake cha vyumba viwili, mtu akisuuza pipa vibaya likabaki na harufu ya dawa, alifokewa mpaka akome.

"Unaniulia bakteria wangu! Hawa ni viumbe, wanataka adabu!"

Mkewe, aliyekuwa akifunga vikombe vya mtindi, alibana midomo. Adabu! Jana tu bakteria wa tumboni mwa mumewe walimwagiwa chupa nzima ya pombe kali, bila hata hodi.

Daktari alikwisha kumweleza waziwazi. Pombe inawavuruga bakteria wa utumbo, ukuta wa utumbo unalegea, sumu inapenya na kulifuata ini. Lake limejaa mafuta. "Bado halina makovu. Ukiacha sasa linaweza kupona. Ukiendelea, sina la kukuahidi."

"Yule daktari ananijua mimi?" bwana mkubwa alimwambia mkewe njiani wakirudi. "Kila asubuhi nakunywa mtindi lita nzima. Humu tumboni kuna jeshi, mama watoto!"

Jeshi gani hilo, jemadari ndiye anayelipiga mabomu?

Asubuhi iliyofuata mkewe alimkuta kiwandani keshajimiminia bilauri ya kwanza, eti ya kufungua macho. Aliichukua chupa ya pombe iliyokuwa kando yake, akafungua friji, akatoa mtungi wa chachu ambayo mumewe ameilea miaka kumi na moja, akaimimina pombe humo hadi tone la mwisho.

"Una wazimu, mwanamke? Umeiua!"

"Nimeiua vipi? Si jeshi?"

"Usinitanie! Hiyo ni pombe!"

"Basi ngoja nikuletee mtindi lita nzima, uitibu."

Bingwa wa kufokea wenzake aliuinua mtungi, akaunusa. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba chachu ile haifufuki.

"Chachu utaomba kwa fundi mwenzako, atakupa," mkewe alisema. "Ini utamwomba nani, baba watoto?"

Mumewe alikaa juu ya kreti. Aliitazama bilauri, akaisukuma mbali kwa kidole kimoja, kama inayouma.

"Daktari anaanza saa ngapi?"

"Saa mbili. Vua hayo magambuti, uvae viatu."