Kidole cha Victoire

Apollinaire alifika Butembo nguo zimejaa vumbi la njia ya Beni, kitambaa kimefungwa kifuani kama mama aliyebeba kichanga. Ndani yake kulikuwa na kioo kidogo, ukubwa wa kiberiti, kimepakwa plastiki ya rangi ya machungwa. Ndicho kitu cha mwisho alichopewa na Victoire, binti yake wa pekee, aliyefanya kazi katika maabara ya kemia pale mjini mpaka malaria ilipomchukua. Mama yake alikuwa ametangulia zamani.

Mara ya mwisho alipokuja nyumbani, Victoire alimtia babake kioo hicho mkononi.

"Papa, kidole yangu iko humu ndani. Ile ndogo, yenye ilivunjikaka nikianguka kwa muti ya avoka. Mais hautaiona na macho bure. Ukuje Butembo, nitakuonyesha. Kwanza ukichunge fasi ya giza."

"Kidole yenye haionekane! Ni hiyo walikufundisha kule?"

Walicheka. Kwenda Butembo naye hakukuwahi kutokea. Alikwenda kumzika, akarudi, akakaa na ukimya wake, hata asubuhi moja akaona kwamba sura ya mtoto imeanza kumponyoka. Ndipo akapanda pikipiki.

Maabarani, Mariette, aliyefanya kazi meza moja na Victoire, alimpa kiti. Alikiweka kioo katikati ya vioo viwili vyeusi vya kuchuja mwanga, akakiinua dirishani. Akakigeuza. Akakigeuza tena.

"Papa, sione kitu."

"Angalia muzuri. Kidole yake iko imepinda."

Mariette akaketi. "Ndani ya plastiki hii kuna azobenzeni. Iko kama vijiti vidogo sana. Tukiipiga na mwangaza ya kijani, vijiti vinajikunja, vinajinyoosha, mpaka vilale upande wenye mwangaza haivisumbue tena. Pale kidole inafunika, vijiti vinabakia vile vilikuwa. Donc, kivuli inabakia. Sasa vyote vimevurugika. Ulikichungia wapi?"

"Fasi ya giza, vile aliniambia. Ndani ya mukebe, juu ya moto, pamoja na mbegu ya maharagi."

Kwao, kitu kisichotakiwa kupotea hupandishwa juu ya jiko. Moshi hukilinda na wadudu, joto hukikausha, na msimu ukifika unakishusha kikiwa kizima. Ndivyo mamake alivyofanya, ndivyo mkewe alivyofanya.

Mariette alitazama chini. "Giza ilikuwa muzuri, papa. Mais moto... Vijiti vikipata moto mingi, vinaamuka vyote, kila kimoja na njia yake."

Nje, mtu alikuwa anauza mandazi, anaita kana kwamba dunia nzima ina njaa.

"Kioo hakikuharibika," Mariette akasema polepole. "Tunaweza kuandika tena. Weka kidole yako."

"Yangu ni ya kufanya nini?"

Lakini akakiweka kidole. Mwanga wa kijani ukawaka, kidole kikacheza.

"Usitetemeke, papa."

"Ambia mukono. Mimi nilishaiambia."

Mariette akacheka, kisha akatazama vizuri. "Mbona umeenda kandokando? Katikati kuna fasi mingi."

"Ile ni yake."

Mwanga ulipozimwa, Mariette akakiinua tena kioo. Pembeni kabisa kulikuwa na kivuli cha kidole kinene, kingo zake zimetetemeka kama moshi. Kando yake palikuwa peupe, hapana kitu. Mzee alipatazama mpaka jicho likatoka maji.

Jioni, nyumbani kwake kule Beni, aliwasha moto, akateleka maharagi ya mtu mmoja. Mkono wake ukapanda wenyewe na kile kioo, kuelekea mkebe wa mbegu. Akaushusha. Akaenda chumba ambamo hakuna anayelala tena, kwenye baridi, akafungua sanduku la nguo za Victoire, akakiweka kati ya kitenge na sweta. Kisha akarudi jikoni. Maharagi yalikuwa bado magumu.