Patupu

Gesi ya haidrojeni iliyo karibu na kitovu cha galaksi yetu haipigi kelele. Inanong'ona tu kwenye wimbi lake la redio, na mitambo ya kuisikiliza ina makelele kuliko gesi yenyewe. Kwa hiyo pale kituoni walikuwa na utaratibu wao: antena inasikiliza kitovu, kisha inageuzwa kwenye kipande cha anga kisicho na gesi, halafu kipimo cha pili kinatolewa kwenye cha kwanza. Kinachobaki ndiyo gesi. Kile kipande walikiita patupu, na aliyekichagua alikuwa binti mchambuzi, mtoto wa marehemu kaka yake mkuu wa kituo. Alijivunia mpaka wenzake wakamchoka. Nani mwingine anajigamba kwa kuchagua mahali pasipo na kitu?

Kwa utaratibu huo wakapata shimo. Jirani kabisa na kitovu, gesi ilionekana kama imefagiliwa. Mkuu, ambaye kwa binti ni baba mdogo, akaita wageni na waandishi wa habari. "Utazungumza wewe, mwanangu," alimwambia. Binti alikosa usingizi kwa furaha.

Mchana wa shughuli, wageni wakinywa soda ukumbini, alitaka picha safi zaidi ya kuwaonyesha. Akageuza antena kwenye patupu, kisha kwenye kipande kingine pembeni, akatoa. Mstari kwenye skrini ulipaswa kulala. Badala yake ukainuka, ukafanya nundu. Akarudia. Nundu ikabaki palepale, upana uleule wa shimo lao.

Patupu palikuwa na gesi. Muda wote huo walikuwa wakitoa gesi ya huku kwenye gesi ya kule, na shimo wamelichimba wenyewe.

Baba mdogo akaingia na suti mpya, akafunga mlango nyuma yake.

"Baba, tuahirishe. Patupu si patupu. Hebu angalia."

Hakuangalia skrini. Alivuta kiti, akaketi, akaanza kufuta miwani taratibu.

"Najua," alisema. "Nilipapima mwenyewe mwezi uliopita."

"Na bado ukawaacha watu waje?"

"Walikuwa wameshaalikwa. Nikirudi nyuma sasa, kituo kinafungwa na mimi naumbuka uzeeni."

"Lakini watagundua tu. Yeyote mwenye antena atagundua."

"Watagundua, ndiyo." Alisema kwa sauti ileile aliyombembelezea utotoni alipokuwa na homa. "Ila itachukua muda. Na kijana akikosea, watu humwonea huruma. Wewe bado una miaka mingi mbele yako, mwanangu."

Hapo ndipo binti alipoelewa kwa nini alipewa kuzungumza. Alitaka kulia, akaona haya kulia mbele ya mtu aliyemlipia ada tangu chekechea. Baba mdogo alipomshika mkono, binti akainuka bila kubisha.

Ukumbini baba mdogo alichukua kipaza sauti. Akawaambia wageni kwamba sifa zote ni za binti huyu, kwamba patupu alipachagua yeye, peke yake, bila kusaidiwa na mtu. Watu wakasimama kumpigia makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa baba mdogo, machozi yakimlengalenga.