Fomu Kumi na Mbili za Bweni

Kaka yangu ana duka la kutoa kopi, na balaa lote lilianzia hapo. Mtu wa kawaida akijaza fomu za shule za bweni, ya tatu inamchosha, anaacha. Kaka alijaza moja tu, akaacha wazi jina la shule, akaiweka kwenye mashine. Kufumba na kufumbua, binti yake wa miaka kumi na mitatu alikuwa anaomba shule kumi na mbili.

Jumapili mchana niliitwa niamue, maana kwa kaka shangazi hukumbukwa pale mume na mke wanapokwama. Wifi, ambaye ni muuguzi, alitaka shule tano.

"Kumi na mbili ni aibu," alisema. "Walimu wakuu wanajuana hawa."

"Na hizo tano tukizikosa?" kaka akauliza. "Mtoto abaki hapa nyumbani?"

"Kwani hapa nyumbani kuna simba?" nikasema. Hakuna aliyecheka.

Nikazisoma fomu. Zote kumi na mbili ziliapa, kwa mwandiko ule ule wa kaka, kwamba hii ndiyo shule pekee ambayo familia imewahi kuifikiria. Kipaji cha mtoto: uongozi. Mtoto mwenyewe hawezi hata kumtoa paka jikoni. Shule ya saba ilikuwa ya wavulana pekee. Nilipomwonyesha kaka, aliitazama kidogo, akasema, "Hiyo ni ya akiba."

Karibu na mwisho palikuwa na mstari: *Atakayemtembelea mtoto siku ya wazazi*. Mtupu. Nikafunua ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na mbili. Mitupu yote.

"Hapo tuliruka kwanza," wifi akasema. "Unazijua zamu zangu, hazieleweki."

"Na mimi Jumamosi ndiyo siku ya wateja," kaka akadakia. "Hayo madogo, dada. Tuambie, tano au kumi na mbili?"

Wakaanza kuvutana tena. Wakakaribia kukubaliana nane.

Binti alikuwa ameketi kwenye mkono wa kochi na mashine ya pini, akizibana fomu zake mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu tangu nifike, hata mimi.

"Baba," alisema, "katika hizo nane, ngapi mtaweza kuja kuniona?"

Kaka akaanza kueleza habari za mabasi, akaishia njiani. Wifi akageukia ratiba ya zamu iliyobandikwa kwenye friji. Hasira ilinipanda, nikajiandaa kuwapasha wote wawili, na kupasha watu ndiyo kazi ninayoiweza.

Binti akaniwahi. Alichomoa fomu moja, akaandika kwenye ule mstari mtupu, akanipa. Jina langu, na namba yangu ya simu, ambayo sikujua kama anaijua kwa kichwa.

"Hii iko karibu na kwako, shangazi. Nyingine siendi. Utakuja?"

Naishi vituo viwili tu vya basi kutoka kwa kaka, na mara ya mwisho kukanyaga nyumba yake bila kuitwa ilikuwa mwaka juzi. Nikasema nitakuja. Kisha nikampa kaka ile fomu na kumwambia akaitoe kopi moja, iwe yangu, nisije nikasahau.