Buti za Kuteremkia

Mjukuu wangu ana miguu mikubwa. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu hata yeye akiingia duka la viatu hulitanguliza. Anasimama mlangoni na kusema kwa sauti, "Habari za kazi, mimi navaa namba kubwa, usinitafutie za kupendeza, nitafutie za kunitosha." Wengine tungesema hayo kwa kunong'ona.

Miguu hiyo imetoka kwangu. Shangazi yake, yaani binti yangu, anayo pia, ila yeye tangu usichana ameibana ndani ya viatu vidogo, na ukimwona anavyotembea akitoka kwenye sherehe utadhani ardhi ina moto.

Huyu mtoto alipata nafasi ya majaribio katika idara ya maji. Kazi yenyewe ni kutembea. Bomba linaloleta maji mjini linaanzia kwenye chemchemi huko milimani, linashuka mabonde na mawe mpaka kwenye tangi lililo nyuma ya mtaa wetu. Lazima awepo mtu wa kulifuata kwa miguu, aangalie panapovuja, afyeke majani, akaze kilicholegea. Mwanamke hakuwahi kuifanya kazi hiyo kabla yake.

Siku ya kwanza ya kupimwa walimpa buti za stoo, za kiume. Urefu ulitosha, lakini nyuma zilikuwa pana, kisigino kinaelea humo kama punje ya mahindi ndani ya debe. Kupanda alipanda. Kuteremka ndiko kulikomtoa roho, kila hatua kisigino kinasuguliwa, vidole vinajipigiza mbele. Mteremko wa mwisho aliushuka peku, buti kaning'iniza shingoni, na wenzake wa bomba wakimtazama. Alifika nyumbani visigino vimeganda damu.

Nikachemsha maji ya chumvi, nikayaacha yapoe kidogo, nikamwosha. Hakulia. Aliuma tu mtandio wangu.

"Bibi, msimamizi anataka kuniweka ofisini nipokee simu."

"Na wewe ukamjibuje?"

"Nimemwomba nafasi nyingine visigino vikipona. Kakubali. Lakini nikichechemea tena, basi, ni simu moja kwa moja."

"Simu nayo kazi, mama. Unakaa kitini, kivulini."

"Bibi! Nikiweka sikio kwenye lile bomba nayasikia maji yanavyopita. Kwenye simu nitasikia nini? Watu wakinifokea tu."

Nikaendelea kumwosha miguu. Mtu akishaipenda kazi hivyo, kumbembeleza akae kivulini ni kumwonea.

Visigino vilipofunga, shangazi yake akaja asubuhi na beseni. Hapa nieleze kidogo. Wanawake wa familia yetu tuna desturi yetu ya kununua viatu. Kabla ya kwenda dukani tunaloweka miguu kwenye maji ya baridi, ipate kunywea. Mama yangu aliloweka, mimi nimeloweka, binti yangu analoweka hadi leo. Kwa hiyo sote tumekuwa tukienda dukani na miguu midogo na kurudi nyumbani na mikubwa.

"Ingiza," shangazi akasema. "Namba itashuka, utaona."

Mtoto akaingiza, akitetemeka meno. Tukaenda dukani mapema, miguu yake bado imesinyaa kama ya mtu aliyeoga mtoni. Muuza viatu, mwanamume wa maneno mengi, akamtolea buti za kike za kahawia, namba kubwa kuliko zote za kike alizonazo. Zikaingia! Shangazi akapiga makofi.

"Dada, kama umeshonewa," akasema muuzaji.

Nyumbani mjukuu wangu akafanya jambo ambalo sijapata kuona. Alichukua mifuko miwili ya plastiki, akazifunga buti kwa chini soli zisishike hata vumbi, kisha akaanza kutembea humo ndani. Jikoni, chumbani, ngazi za uani juu na chini, khasha khasha khasha, mchana kutwa. Mimi nachagua mchele, yeye ananipita. Jioni akaketi.

"Vidole vinagonga mbele."

"Zitaachia," akasema shangazi. "Ngozi huachia."

"Shangazi, zako ziliachia lini?"

Shangazi akakohoa, akaenda kuangalia chai ambayo hakuna aliyeipika.

Mtoto akabaki ameiangalia miguu yake, halafu beseni lililokuwa limeegemezwa ukutani, halafu miguu tena. "Bibi," akasema polepole, "hizi tumeinunulia miguu ya asubuhi. Mimi nafika tangini alasiri."

Niwaambie ukweli, nilishika kichwa. Vizazi vyote hivyo vya beseni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaza hivyo.

Jumamosi akaligeuza jambo zima. Alivaa soksi nene za kazini na raba zake kuukuu, akaanza kuzunguka tangu asubuhi. Alibeba mtungi wa gesi kwenda kuujaza na kurudi nao begani, akapanda mpaka shuleni juu na kuteremka, akasimama akapiga pasi nguo za nyumba nzima. Alasiri miguu ilikuwa imeumuka, mishipa imesimama.

"Twendeni," akasema.

Shangazi akaziba mdomo. "Unaipeleka dukani hivyo? Imevimba! Mwanangu, huoni haya?"

"Ndiyo itakayofanya kazi, Shangazi. Acha waione."

Muuzaji alizigeuza zile buti za kahawia, akazitazama soli, akazipangusa kwa kidole, akakuta safi. Akakubali kuzibadilisha. Lakini alipoitazama miguu iliyokuja mara hii hakuweza kujizuia.

"Dada, hizo nyayo au makasia?"

Duka zima likacheka. Shangazi akatazama dari. Mjukuu wangu akacheka kuliko wote.

"Makasia, kaka. Sasa kazi kwako, niletee mashua mbili zinazolingana."

Akazileta, za kiume sasa, maana namba za kike zilikuwa zimeishia pale. Duka lile lina ngazi za mbao zinazopanda stoo, na yule mtoto badala ya kwenda kwenye kioo akazipanda. Akifika juu anageuka, anateremka uso mbele, akikanyaga kwa uzito kana kwamba amebeba gunia.

"Dada, watu hujaribia pale kwenye kioo."

"Kioo chako hakina mteremko, kaka."

Jozi ya kwanza, vidole. Akavua. Ya pili, kisigino kinapanda. Akavua. Nyingine inauma kwenye kifundo, nyingine soli inapinda kama chapati. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, na kukaa ninakujua, kwa hiyo niliona kila kitu. Alivua kila jozi bila kununa, akaifunga kamba zake, akairudisha kwenye boksi lake, akasema "asante, siyo hii." Hakumwonea aibu mtu yeyote na wala hakumdharau mtu. Wateja waliokuja kucheka wakaanza kutoa maoni. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Hiyo nyeusi ilikuwa nzuri." Mjukuu wangu akamjibu kwa heshima kabisa, "Nzuri, dada, lakini inanidanganya nikiteremka."

"Chukua yoyote, tunatazamwa," shangazi alinong'ona, tena na tena, akibadilisha mguu wa kusimamia maana viatu vyake vilikuwa vimemchosha. Mwishowe akakaa kando yangu, akakivua kimoja, akauchomeka mguu wake ndani ya buti moja iliyoachwa pale chini. Nilimwona vidole vikifunguka humo ndani, kimoja kimoja. Uso wake ukawa wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Hakunong'ona tena.

Maboksi yalikuwa yamefika kiunoni. Muuzaji, jasho linamtoka, akapanda stoo, akarudi na jozi moja ya kijivu, rangi ya saruji, mbaya kuitazama.

"Hizi zimelala humu siku nyingi. Wanaume wanasema mbele pana, nyuma zinawabana."

"Hebu," akasema mtoto.

Aliingiza mguu, akagonga kisigino sakafuni ili kikae nyuma kabisa. Akaziacha kamba zilegee penye vidole, akazivuta kwa nguvu pale mguu unapokunjwa, akazizungusha mara mbili zisirudi, kisha akamalizia juu. Akapanda ngazi. Akateremka. Akapanda tena. Alipokuwa akishuka akasimama katikati, akafumba macho. Hata yule mwenye mtoto aliacha kumbembeleza.

"Hakichezi," akasema.

"Nini?" akauliza muuzaji.

"Kisigino."

Muuzaji akapiga goti mwenyewe, akajaribu kupenyeza kidole nyuma, hakikupita. Akabonyeza mbele, akakuta nafasi ya vidole kupumua. Akainuka, akajipangusa paji la uso.

"Dada, mimi nauza viatu, lakini leo ndio nimeona mtu akinunua."

Alizivaa mtaani kwanza, kila alasiri, mpaka ngozi ikamzoea. Kisha siku ya kupimwa ikafika. Aliondoka na msimamizi alfajiri kwa gari la idara kwenda juu kwenye chemchemi. Mimi alasiri nikachukua kigoda changu nikaenda kukaa penye uzio wa tangi. Wenzake wa bomba walikuwepo, wale wale waliomwona akishuka peku. Mmoja akanisalimia halafu akatazama pembeni.

Tuliwaona wakitokea juu ya mteremko wa mwisho, ule wa mawe. Nikainuka kigodani, maana hapo ndipo aliposhindwa. Msimamizi alikuwa akishika vichaka. Mtoto yeye alikuwa mbele, magoti yamelegea, anaweka unyayo mzima, jiwe hadi jiwe, bila pupa na bila kusita. Nimezaa, nimelea, nimeona watu wengi wakitembea. Sijawahi kuona miguu mikubwa ikishuka kwa wepesi ule. Nilitamani mteremko uongezeke kidogo nizidi kutazama.

Msimamizi alipofika chini akavuta pumzi kwanza. Kisha akasema, "Vua."

Wale vijana wakasogea. Mjukuu wangu akakaa juu ya ukingo wa zege, akafungua kamba, akavua buti, akavua na soksi, akaiweka miguu yake yote miwili hadharani, mipana, mirefu, alama za soksi zimejichora kwenye ngozi. Msimamizi akainama, akakitazama kisigino hiki, akakitazama kile. Vikavu. Hapakuwa hata na wekundu.

"Simu nitamtafutia mtu mwingine," akasema. "Wewe Jumatatu unaanzia juu. Haya, vaa twende tukasaini."

"Subiri kidogo, mkuu," akasema mjukuu wangu, akavinyoosha vidole. "Vipate hewa kwanza."

Na msimamizi akasubiri.