Kiuno cha Mzee Stempu

Fundi Futi alikuwa na dawa yake ya umbea: pini. Mteja akishavuka kizingiti tu, yeye huyo, anaokota pini sita kwenye kikopo, anazibana kwa midomo, ndipo anashusha futi shingoni na kuanza kupima. Mtu mwenye pini mdomoni haulizwi kitu. Anayepimwa, kwa upande wake, huwa anamwaga yote bila kuombwa, kwa sababu mkono ukishapita kifuani na kiunoni ulimi nao unalegea. Kwa miaka ishirini na miwili fundi huyu alijua nani ana mimba ambayo hata mama mkwe hajaambiwa, nani anaficha kovu, na ni baba gani mwenye heshima zake anayejifunga mshipi wa kubana kitambi. Yote aliyaandika kwa namba kwenye daftari la jalada gumu, na daftari akalifungia kwenye droo ya meza ya cherehani. Ukimuuliza habari za fulani alikujibu "Mh," basi, habari ikaishia hapo.

Katika wateja wake wote hakuna aliyempenda kama Mzee Stempu. Mzee huyu alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na jina la Stempu lilimganda kuliko gundi ya stempu zenyewe. Kila baada ya wiki sita hivi alileta suruali zake tatu kwenye mfuko: ya kaki, ya kijivu na ile nyeusi ya shughuli. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka ameishika ile ya kaki kiunoni isianguke.

"Ipunguze tena, mwanangu," alikuwa akisema. "Lakini ionekane kama haijaguswa."

Kazi hiyo si ya kila fundi. Ilibidi afumue ukanda wa kiuno, ale kitambaa kwenye mshono wa nyuma, ahamishe mifuko ya makalio isije ikagongana, kisha abandike upya vishikio vya mkanda kwa nafasi zilezile. Uzi mpya unang'aa, kwa hiyo alitafuta uzi uliochakaa, akaufumua kutoka kwenye mapindo ya suruali hiyohiyo. Alipomaliza, hata wewe mwenye macho yako mawili ungeapa kwamba suruali ile imetoka dukani na kiuno kile.

Mzee alikuwa anaumwa. Kitu kilichokuwa tumboni mwake daktari alishasema hakikatiki tena, na kilikuwa kinamla polepole. Mkewe hakujua. "Nitamwambia mwenyewe," Mzee alimwambia fundi siku ya kwanza, akitazama ukutani. "Kwa mdomo wangu, siku nitakayoiweza. Yule alinipokea nikiwa na shati moja. Habari hii hawezi kuletewa na mtu wa njiani." Fundi, pini mdomoni, aliitikia kwa kichwa. Ikawa ahadi.

Sasa fundi alikuwa na binti mmoja, anasoma chuo, mtoto mwenye huruma na haraka. Aliporudi likizo akalikuta daftari la mama yake linachanika, kurasa zinaanguka. "Mama, siku likilowa hili umekwisha," akasema, na palepale akamwekea kwenye simu programu ya mafundi wa nguo. Bure kabisa. Inatunza vipimo, inakumbusha siku ya kuchukua nguo, inachora hata picha ya mteja. Mahali pa kwanza pakatokea maandishi marefu kama foleni ya hospitali, na chini yake neno moja: Nakubali.

"Nakubali nini?" fundi akauliza.

"Ah, Mama, kila mtu anakubali tu."

Akabonyeza. Kisha kwa siku tatu nzima, miwani puani, alihamisha daftari lote kwenye simu, mstari kwa mstari, kwa kidole kimoja. Palipotaka jina aliandika jina, palipotaka umri aliandika umri, palipotaka namba ya simu aliandika namba. Mzee Stempu hakuwa na simu. Zamani, kabla hajaumwa, nguo zake zikiwa tayari alipigiwa mkewe, na namba iliyokuwa daftarini ni ya mkewe. Fundi hakufikiri mara mbili. Namba ile ilikaa kwenye wino miaka mingi bila kumdhuru mtu, kwa sababu daftari halijawahi kumpigia mtu simu.

Nisimsingizie: aliipenda ile programu. Ilimsalimia asubuhi, ikampongeza kwa wateja wake mia mbili na kumi na wanne, ikamchorea vijistari vya kupanda na kushuka vya viuno vya watu. Ilikuwa na adabu kuliko wakwe zake.

Wa kwanza kulalamika alikuwa jirani, mama wa duka la vyombo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Alikuja akiipeperusha simu. "Fundi, hebu niambie, nani kawaambia hawa watu kwamba nina tumbo? Tangu juzi wananitumia chai ya kupunguza kiuno! Eti, mpendwa, tumeona umeongezeka. Wameona wapi? Wamepita dirishani?"

Wakacheka mpaka fundi akatema pini. Lakini jirani alipoondoka, kicheko kilimwishia mapema kuliko kawaida, na mchana ule alishona mkono wa gauni kinyume.

Siku mbili baadaye akaja mke wa Mzee Stempu.

Alikuwa mama mfupi, mtulivu, macho yake hayakuwa mazima tena. Fundi akamwamkia, akampa kigoda. Mama akafungua leso, akatoa simu, akamkabidhi. "Nisomee, mwanangu. Nimezisoma kwa kuhangaika, nataka nijue kama nimeziona sawasawa."

Zilikuwa meseji tatu, na zote zilimtaja Mzee kwa majina yake kamili. Ya kwanza ilitoka, ilivyojieleza yenyewe, kwa "washirika wa fundi wako wa nguo", nayo ilimuuzia unga wa kurudisha mwili kwa wanaopungua haraka. Ya pili ilimuuliza kama inchi saba katika miezi kumi na mmoja hazimtishi, ikampa anwani ya zahanati. Ya tatu ilianza kwa upole sana. Ilisema asiwaachie wapendwa wake mzigo, na kwamba kwa watu wa umri wake kulikuwa na mpango nafuu wa mazishi.

Fundi aliisoma ile ya tatu mpaka nusu, akaiweka simu mezani. Alitaka ardhi ipasuke, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili hakuwa na pini hata moja mdomoni.

"Mama…" akaanza.

"Usinijibu," mama akamkatiza, taratibu. "Sijakuuliza kitu. Ukinijibu utakuwa umemvunjia ahadi yake, na mimi sitaki." Akapapasa kitambaa kilichokuwa mezani. "Kila nikimtazama naona suruali imemkaa. Uso umekonda, nikasema ni uzee. Mkono umekonda, nikasema ni uzee. Lakini suruali inamkaa, basi mzima huyu. Kumbe ni wewe." Akaushika mkono wa fundi. "Unashona vizuri, mwanangu."

Fundi akaanza kulia. Mama hakumzuia.

"Kuumwa kwake kutaniliza, na nitalia," akaendelea. "Ila kinachonikata maini ni hawa wa mazishi. Nimelala naye miaka arobaini na sita. Wao wamemjulia wapi kabla yangu?"

Kisha akaeleza alichokuja kukitaka. Alijua mumewe anapanga kumwambia, maana siku hizi huanza sentensi na kuiacha njiani. Alikuwa tayari kungoja. Shida ilikuwa moja: kwa sababu ya macho yake, kila jioni Mzee ndiye aliyemsomea meseji, kwa sauti, zote, mpaka za matangazo, kwa sauti ileile ya dirisha la posta. Hizi tatu zilimkuta mama akiwa peke yake. Je, ya nne?

"Jana nimemdanganya simu haina chaji. Juzi nimesema nimeisahau kwa jirani. Nitadanganya mpaka lini? Siku akijisomea mwenyewe kifo chake kwenye simu yangu, maneno yake yote aliyoyatunza yatakuwa bure. Zizime, mwanangu. Wala usimwambie kama nilikuja."

Alipotoka, fundi akampigia binti yake. Wakahangaika pamoja saa nzima, binti akielekeza, fundi akibonyeza. Programu iliyoingia kwa neno moja ilitaka kutoka kwa kurasa tisa. Ikamuuliza kwa nini anaondoka, ikampa sababu za kuchagua: ngumu kutumia, simu imejaa, nyingine. Hakukuwa na mahali pa kuandika kwamba mna midomo. Mwisho ikamjibu kwamba taarifa zake zitafutwa ndani ya siku tisini, na zile ambazo washirika wameshazipokea ziko mikononi mwa washirika.

"Washirika ni kina nani?" fundi akauliza.

"Hawajasema, Mama." Binti alikuwa analia. "Nisamehe. Ni mimi niliyekuwekea."

"Kidole kilikuwa changu," fundi akasema. "Nyamaza, mwanangu. Siku tisini, umesikia? Mimi najua inchi zake. Sijui kama Mzee anazo siku tisini."

Mzee Stempu alikuja Alhamisi, mfuko mkononi, amenyoa vizuri. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na ile ya kaki. Safari hii aliishika kwa mikono miwili. Akasimama mahali pake pa siku zote, mbele ya kioo, akingoja. Fundi hakugusa pini. Wala futi hakuishusha.

Alikuwa ameshapiga moyo konde tangu alfajiri. Siri ya mke wa Mzee haikuwa yake kuitoa. Kosa lake mwenyewe, hilo lilikuwa lake.

"Mzee, kaa kidogo."

Mzee akakaa. Fundi akamwambia yote kuhusu simu: daftari, binti, Nakubali, vipimo vyake vya miezi kumi na mmoja, chai ya jirani. Akamwambia kwamba kuna watu asiowajua wanaojua sasa kwamba mwili wake unapungua, wanatuma meseji, na hawezi kuwazuia. "Nilikuahidi," akasema, "na imetoka mikononi mwangu. Sina la kujitetea."

Mzee aliikusanya suruali iliyomjaa mapajani kama pazia lililokunjwa.

"Kule posta," akasema, "bahasha ilikuwa inachanika wakati mwingine. Gunia zito, mvua, mambo hayo. Tulikuwa tunabandika karatasi, tunaandika: imepokelewa ikiwa wazi. Chini yake karani anatia sahihi. Wengi hawakupenda kutia sahihi. Walikuwa wanaipitisha tu hivyohivyo, mwenye barua ajue mwenyewe." Akamtazama. "Wewe umetia. Ahsante."

Kisha swali likamjia. Fundi aliliona linavyopanda usoni.

"Namba uliyoandika. Ilikuwa ya nani?"

"Ya mama."

Mzee akafumba macho. Nje mama wa vyombo alikuwa anabishana na mteja juu ya mfuniko wa sufuria.

"Ameshaziona?"

Hapo fundi aliumia kuliko mahali pengine popote. Angeweza kudanganya, na uongo wenyewe ungekuwa wa huruma. "Hilo, baba yangu, usiniulize mimi," akasema. "Muulize mwenyewe."

Mzee akatoa pumzi ndefu, halafu, ajabu, akatabasamu. "Majuzi simu haikuwa na chaji," akasema taratibu. "Siku moja kabla yake ilisahaulika kwa jirani. Nami kwa ujinga wangu nikafurahi, nikajua jioni hiyo sina la kusoma." Akajifuta macho kwa kiganja. "Anajua. Ananingoja. Masikini mke wangu, ananingoja."

Akasimama. Fundi naye akainuka, akashusha futi, maana mikono haikujua kitu kingine cha kufanya.

"Hapana," Mzee akasema. "Leo usipunguze. Nitaenda nayo hivihivi."

"Itakuanguka njiani, Mzee."

"Nitaishika. Miezi kumi na mmoja nimemnyima hata nafasi ya kuniuliza una nini. Nikiingia nimeishika hivi, ataniuliza. Akiniuliza, nitaweza."

Akaziacha zile suruali mbili mezani, akatoka na ile ya kaki, kiuno kimekunjwa ndani ya ngumi ya kushoto. Fundi akamsindikiza mpaka kizingitini. Mzee alikwenda polepole, akisimama kila hatua kadhaa kuipandisha, na watu walipomtazama aliwasalimu kwa heshima zote kama mtu aliyevaa suti. Fundi alimpenda siku ile kama alivyompenda baba yake mzazi. Alikaa kwenye cherehani lakini hakushona. Mguu ulikanyaga kidogo, ukaacha.

Jua lilikuwa bado juu simu ilipolia. Namba ya mama.

"Haloo, mama?"

Kwanza ilisikika pumzi tu, na nyuma yake mtu akikohoa, kijiko kikigonga kikombe.

"Ameniambia," mama akasema. "Yeye mwenyewe. Amesimama mlangoni ameishika suruali kama mtoto, nikamuuliza, akaniambia yote. Tumelia. Sasa anakunywa chai." Akavuta kamasi. "Usiseme kitu, mwanangu. Nimepiga tu ujue."

Fundi aliibana simu sikioni kwa mikono miwili, machozi yakimdondokea juu ya kitambaa cha watu, na upande wa pili mama naye hakukata.