Mzee wa Vikao Arudi Mezani

Ijumaa wenzake wa chuoni walimuaga kwa keki, hotuba ndefu na zawadi ya saa ya ukutani, kana kwamba mstaafu ana pa kuwahi. Jumatatu Mzee wa Vikao akaamka alfajiri kama kawaida yake, akanyoa ndevu, akafunga tai, akafika sebuleni ndipo akakumbuka kwamba dereva haji tena. Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki. Binti yao wa pekee aliishi ng'ambo, akipiga simu Jumapili kumuuliza kama anakula. Nyumba ilikuwa kimya, friji tu ndiyo iliyonguruma. Lakini asubuhi hiyo hakusononeka, maana alikuwa na pa kwenda, na hamu ya kwenda huko alikuwa ameibana kifuani miaka yote ya madaraka.

Jina la Mzee wa Vikao walimpachika makarani, na lilimkaa kama suti ya kushonesha. Ila kabla hajawa mkuu wa kitivo, kisha mkuu wa chuo kizima, alikuwa msomi wa ustaarabu wa kale, mmoja wa wachache mno waliojua kusoma vibao vya udongo. Ni maandishi ya watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita, yaliyobonyezwa kwa ncha ya unyasi udongo ukiwa mbichi. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili. Mmoja hukiinamisha kibao kwenye mwanga wa pembeni hadi vivuli vijae ndani ya alama, kisha husoma kwa sauti. Mwenzake huandika, na kazi yake kubwa ni kubisha. Usipobishiwa utasoma unachokitaka, si kilichoandikwa.

Mbishi wake alikuwa mwanafunzi wake mmoja, msichana ambaye Mzee alimwita Kobe kwa kuwa hakuharakishwa na mtu. Waliweza kubishana kutwa juu ya alama moja ya kibao kimoja, barua ya kale, mpaka wakanuniana, kesho yake wakaanza upya. Mzee alipopewa cheo alimwambia, "Nipe mwaka mmoja tu, Kobe, ninyooshe mambo huko juu, halafu tutakimaliza kibao chetu." Wahenga walishasema, mshika mbili moja humponyoka. Mwaka ukazaa mwaka, na huko juu hakukuwa na wa kumbishia. Akisema neno, vichwa vyote vinaitikia, hata pale alipojua mwenyewe kuwa anapotoka. Wasiojua hudhani hiyo ni raha. Yeye alikuwa mpweke kupita kiasi.

Chumba cha vibao kilikuwa mwisho wa korido, ghorofa ya chini, ubavuni mwa stoo ya viti vibovu. Kobe, sasa mhadhiri mzima mwenye mvi za hapa na pale, aliinuka upesi miwani ikiwa utosini.

"Shikamoo, Profesa! Mbona hukusema unakuja? Ningefagia."

"Marahaba. Anayefagiliwa ni mgeni. Mimi nimerudi kazini."

"Kazini?"

"Nipe kibao chetu, Kobe. Leo tunamaliza ubishi."

Kobe alimtazama kidogo, kisha akavuta droo, akaweka kibao juu ya mto mdogo wa mchanga, akaisogeza taa kushoto. Akachukua karatasi na kalamu.

Mzee wa Vikao akakiinamisha kibao. Vivuli vikajaa kama zamani, lakini alama zilimtazama tu. Zilikuwa kama sura za watu unaokutana nao msibani, unajua unawajua, jina haliji. Jasho likamtoka. Angesema ukweli pale pale, yangeisha. Lakini mtu aliyeongoza vikao miaka na miaka anajua namna ya kuzungumzia karatasi ambayo hajaisoma. Akavuta pumzi, akatoa maneno ya kibao chao yaliyobaki kichwani.

"'Mwambie kaka yangu,'" akasoma, "'tangu uondoke hatuna wa kufunga lango. Ukipata barua hii, usikae...'"

Alisoma vizuri, na vituo akaviweka. Kobe aliandika mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Mzee akaona fahari, na fahari ile haikudumu. Hakubishiwa hata mara moja.

"Mbona hubishi?"

"Nibishe nini, Profesa? Umesoma vizuri."

"Kobe."

Kobe akaweka kalamu chini. "Hiki si kibao chetu. Hizi ni hesabu za kondoo. Nilitaka kujua kama bado unazitambua alama, halafu nikashindwa kukuaibisha. Chetu nilikimaliza peke yangu. Nilikungoja mpaka nikachoka."

Aibu ilimpanda Mzee hadi masikioni, lakini kurudi kwenye nyumba ile kulimtisha kuliko aibu.

"Basi niweke na wanaoanza. Nitakaa nyuma na hao watoto, nijifunze upya."

"Darasa la wanaoanza halipo, Profesa. Ulilifunga wewe."

Akakumbuka. Ajenda ya kikao ilikuwa kufunga madarasa yenye wanafunzi wachache, na yeye akasema watu wa kale wameshangoja miaka elfu nne, hawawezi kushindwa kungoja kidogo. Ukumbi mzima ulicheka.

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikaa karibu na mlango."

"Sasa mbona hukubisha, mama? Wewe, Kobe!"

"Nilinyoosha mkono," Kobe akasema taratibu. "Ukaniona. Hukunipa nafasi."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma Mzee zaidi. Kobe akatazama saa, akakusanya vitabu vyake. Alikuwa na kipindi cha historia ya jumla, ukumbi mzima wa wanafunzi wa uhasibu. Ndiyo kazi aliyopewa darasa lake lilipofungwa.

"Kaa tu, Profesa. Ukitoka, vuta mlango."

Nyayo zake zikapotea koridoni. Mzee wa Vikao akavuta kiti karibu na taa, akakiinamisha kibao cha kondoo, akaikazia macho alama ya kwanza. Akaitamka kwa sauti. Akangoja kubishiwa. Akaitamka tena kwa namna nyingine, na hiyo nayo ikasikika sawa tu.