Giga Kumi na Nane za Kafedha

Saa moja na robo asubuhi laptopu ilikataa tena. Ilifika asilimia themanini na tatu ya kuitoa filamu, ikasimama, ikaandika kwamba diski imejaa. Kiponda aliinuka, akaizunguka meza, akachungulia dirishani kana kwamba nafasi ingeingilia pale, akarudi kuketi.

Kazi yake ni kupiga video hapo Kiembeni. Filamu hii ilikuwa ya marehemu Kafedha akiongoza kifudu, ngoma ya wanawake ya msibani. Kiponda aliipiga miaka minne nyuma, kwenye matanga ya mtu mwingine. Sasa Kafedha mwenyewe kazikwa, na bintiye Nyamvula alitaka wajukuu wamwone na wamsikie kwenye hanga dogo, matanga yake ya mwisho, kule Mikindani. Hanga lenyewe ni leo. Saa saba mchana linafungwa, na likishafungwa kifudu hakilii tena bomani mwao mpaka afe mtu mwingine. Nani ataombea hilo?

"Futa harusi moja," alisema mkewe, Caroline, akigeuza mahamri.

"Zote wenyewe hawajazichukua, Mama Velma. Nimfute nani, bibi harusi au bwana harusi?"

"Mimi sijui. Bora hiyo sauti isifunguliwe humu. Humu hakuna msiba."

"Nimeizima tangu juzi."

Hilo halikuwa la kubishana. Kiponda hujifanya hajali mila, lakini video za kifudu huzikata na kuziunga kimyakimya.

Diski ya nje ilikuwa imekufa mwezi uliopita. Akampigia Ihsan, fundi wa kompyuta wa Kisauni.

"Ihsan, nataka giga kumi."

"Na wewe umeamkaje, bwana?"

"Vibaya. Nasikia kuna kipande cha diski kimefichwa."

"Kipo. Ndicho cha kuirudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani, siku ikiharibika. Ukikifuta, siku hiyo utalia. Tengeneza kwanza flashi ya kuokolea."

"Flashi ninayo moja, na ndiyo itabeba filamu."

"Nunua nyingine."

"Duka gani liko wazi saa hizi?"

Ihsan alishusha pumzi. "Wallahi, wewe na haraka mlizaliwa mapacha. Haya, fungua kile kidirisha cheusi. Nisomee vipande vyote na ukubwa wake. Usiguse kitu."

Kiponda alisoma, goti likimcheza chini ya meza. Vilikuwa vitano. Cha tatu ndicho kikubwa, chenye kazi zake zote. Cha nne giga moja. Cha tano giga kumi na nane.

"Chagua namba tano. Hicho cha nne kiache. Na ukigusa tatu, umefuta harusi zote za Kisauni."

Aliisoma namba mara tatu, akaandika amri herufi kwa herufi kama alivyotajiwa, akabonyeza.

"Kimefutika."

"Mungu akusitiri sasa."

Lakini diski kuu ilibaki vilevile, na kitufe cha kuiongeza kilikuwa kimepauka, hakibonyezeki. Kiponda akapiga meza kofi. "Nafasi yangu iko wapi?"

"Kipande cha nne kiko katikati. Shamba la jirani likiwa kati, utaunganisha vipi mashamba mawili? Jenga nyumba nyingine huko huko. Ipe herufi yake, E, kisha filamu itokee huko."

Hilo alilielewa mara moja. Mambo ya mashamba hakuhitaji kufundishwa.

Filamu ikaanza kutoka upya. Alitoka nje, akaingia, akatoka. Ilipofika tisini akaandaa flashi. Saa tano na nusu ikakamilika. Akaitia kwenye flashi, akabeba kamera, akarukia bodaboda. Laptopu aliiacha mezani.

Mikindani turubai lilikuwa limejaa. Nyamvula alichomeka flashi kwenye televisheni, na Kafedha akatokea na hando lake la marinda kiunoni, mkono juu, mdomo wazi. Kimya. Nyamvula akapandisha sauti mpaka mwisho.

"Kaka Kiponda, mama yangu hasemi."

Kiponda alielewa pale pale. Sauti aliizima juzi, hakuiwasha, na filamu ikatoka bubu. Ilikuwa saa sita na nusu. Kiembeni kwenda na kurudi, hanga lingekuwa limefungwa.

"Nyamvula, kosa ni langu. Sauti niliizima mwenyewe."

Kabla hajajibiwa, bibi mmoja aliinuka mkekani. Alikuwa Nyale, aliyeimba ubavuni mwa Kafedha miaka yote.

"Rudisha mwanzo."

"Bibi, haina sauti..."

"Nimesema rudisha. Mimi mzee, si kiziwi. Nimeshaona haina."

Nyamvula akarudisha. Nyale akausogelea mdomo wa Kafedha, akatazama mabega, akatazama mkono.

"Ahaa. Huu."

Akauanza wimbo. Sauti yake ilikwaruza, ikakaa sawa, na wanawake wakaitikia mmoja baada ya mwingine, wakisimama. Kafedha akiinua mkono, nao wanainua. Akifunga mdomo, wanangoja. Nyamvula aliweka rimoti chini, akaingia katikati yao.

Kiponda akaitoa kamera. Aliitazama alama ya sauti mara mbili, akaiona inapanda na kushuka, ndipo akabonyeza. Filamu ile bubu ilikula giga sita. Kwenye E zilibaki kumi na mbili. Zinatosha hii mpya, alijiambia, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri miguu yake ikasimama mahali pamoja.